Re: Nimekwama kwenye kafara za Warumi, nawezaje kuandika kuhusu sauti na harufu wakati maandishi yanataja majina ya miungu tu?

Habari mkuu. Nimekuelewa, una orodha ya miungu lakini hujui mtu aliyesimama pale madhabahuni alisikia nini, alinusa nini. Mimi pia nilikwama hapohapo, kilichonitoa ni kuanza na milango ya fahamu ILIYOZIBWA.

Cheki kwanza Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, kitabu cha 28 cha Historia ya Asili. Anasema mmoja anamsomea kiongozi maneno ya dua ili asikosee, mwingine anasimamia watu wakae kimya, na mpiga zumari anapuliza ili isisikike sauti nyingine yoyote. Yaani muziki ulikuwa ukuta! Halafu kuhani kajifunika kichwa kwa toga, lile vazi refu la Kirumi la kujizungushia, macho yake hayazururi huku na huku. Hapo tayari una hoja nzito kuhusu umakini wa akili, maana wakikosea kidogo tu ibada inarudiwa.

Kisha nenda kwenye michongo, Nguzo ya Trajan kule Roma, mnara wa mawe wenye picha za kuchongwa za vita vya mfalme Trajan, inaonyesha mpiga zumari karibu kabisa na madhabahu.

Harufu sasa, weka chembe ya ubani kwenye mkaa, nilifanya hivyo chumbani na mlango nimefunga, moshi ulipanda wima halafu ukakaa kwenye shati mpaka kesho yake. Ubani wa Roma ulitoka kusini mwa Arabuni, ikiwemo Dhofar ya Oman, kwa hiyo si mbali na chetezo cha bibi. Ongezea divai inayomwagwa motoni na matumbo ya mnyama yanayoungua, andika aya moja ya hiyo kwanza uilete hapa tuione.