Marubani Wabelgiji waliokimbilia Uingereza

Umeuliza kuhusu marubani Wabelgiji waliokimbilia Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walipoiteka nchi yao: je, walikuwa na jeshi lao au walikuwa wageni tu wa Waingereza? Vyote viwili, ndugu. Walivaa sare za Jeshi la Anga la Uingereza. Skwadroni 350 (skwadroni ni kikosi cha ndege za kivita), iliyoanzishwa mwishoni mwa 1941, ilikuwa ya Wabelgiji, lakini wengine wengi walichanganywa na Waingereza, hasa Skwadroni 609. Hiyo ilikuwa hata na mbuzi wake wa bahati aliyepewa cheo cha afisa, si utani!

Humo ndimo alimokuwa Jean de Selys Longchamps, afisa wa wapanda farasi aliyejifunza urubani baada ya nchi yake kutekwa. Aliomba ruhusa ashambulie makao ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, Avenue Louise mjini Brussels, akaona kimya. Tarehe 20 Januari 1943, baada ya kumaliza kazi aliyotumwa Ubelgiji, akamwambia mwenzake arudi, yeye akageuza ndege yake ya kivita, Typhoon, kuelekea Brussels. Alishuka chini kabisa, usawa wa madirisha, akalimiminia jengo risasi za mizinga, kisha akadondosha bendera za Ubelgiji na Uingereza.

Aliporudi walimshusha cheo kwa utovu wa nidhamu, na kwa kitendo hichohicho wakampa DFC, nishani ya Uingereza ya ushujaa wa angani. Sasa hapo sijui ucheke au ulie. Agosti mwaka huohuo ndege yake, iliyokwisha kupigwa, ilianguka akijaribu kutua kwenye uwanja wa ndege wa Manston, Uingereza. Alikuwa na miaka 31.