Cherehani: Iliyotumika au Mpya?

SWALI: Mhariri, naanza ushonaji hapa Tanga. Je, ninunue cherehani ya chuma iliyotumika au mpya ya umeme yenye mishono mingi? Na moja yatosha?

JIBU: Dada yetu, ukipata Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, usiidharau kwa sababu rangi imebabuka, maana mwili wake ni chuma na umeme ukikatika kazi haisimami. Kabla ya kulipa, zungusha gurudumu taratibu kwa mkono. Likikwama, au sindano ikigonga bamba, iache. Kisha shona vipande ulivyokuja navyo, cha kanga na cha jinzi, ukiugeuza mshono uone kama uzi wa chini umelegea. Mkanda uliochakaa usikutishe, kwani hubadilishwa. Mishono ya mapambo (wengi huichezea wiki ya kwanza tu) haikuhusu kwa sasa. Moja yatosha mpaka uajiri msaidizi.