Je, mionzi ya mnara wa simu ni sawa na ya eksirei?

SWALI: Nafundisha fizikia Kidato cha Nne, Kinondoni. Jirani na shule kuna mnara wa simu. Tulipofika kwenye mawimbi ya sumakuumeme, wanafunzi walisema mnara na eksirei vyote vinatoa mionzi, basi vyote vinaleta saratani. Niwajibuje bila kuwapuuza?

JIBU: Mwalimu, usilipite swali hilo, lina fizikia nyingi kuliko kukariri mpangilio wa mawimbi. Nusu wamepatia: ni mawimbi ya jamii moja, na katika ombwe yote husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Yanatofautiana masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde), na masafa ndiyo yanayoamua kila fotoni, yaani kifurushi kimoja cha wimbi, ibebe nishati kiasi gani.

Wakokotoe wenyewe. E = hf (nishati ya fotoni ni h mara masafa) ni ya kidato cha juu, lakini hesabu yake ni kuzidisha tu. Chukua h, namba isiyobadilika ya Planck, kuwa 4.14 × 10⁻¹⁵ elektronivolti-sekunde; elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati. Simu ya megahezi 900 inatoa elektronivolti 0.0000037 kwa fotoni. Fotoni ya eksirei yenye elektronivolti 60,000 inaizidi mara bilioni 16 hivi. Kung'oa elektroni kwenye molekuli za mwili, ambako ndiko eksirei inakoweza kuanzishia madhara, kunataka takriban elektronivolti 10. Nyamaza kidogo hapo, waliangalie pengo hilo ubaoni.

Atatokea wa kuuliza: fotoni za mnara si ni nyingi mno? Ni swali zuri kabisa. Ukilirushia embe mtini punje za mchanga kutwa nzima, halianguki. Jiwe moja linatosha. Fotoni nyingi za redio hupasha joto, ndiyo maana fundi hasimami mbele ya antena iliyowashwa, ila haziunganishi nguvu zikang'oa elektroni.

Kwa wanaoogopa kisichoonekana, elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele ya simu, ubonyeze. Taa ya rimoti itawaka kwenye kioo cha simu, na macho hayaoni kitu: nayo ni mawimbi ya jamii ileile.

Kisha wahamishie hofu yao kwenye jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua la saa sita huwaka karibu na utosi. Fotoni za urujuanimno (UV) zinazotufikia zina elektronivolti 3 hadi 4 na kidogo: haziwezi kung'oa elektroni, lakini zinaharibu DNA ya ngozi, na saratani ya ngozi inaanzia huko. Kama shuleni kuna mwanafunzi mwenye ualbino, msemee kwa mkuu wa shule aruhusiwe kofia pana na mikono mirefu, hata kwenye michezo.