Wiki mbili za kufundisha ugenini zitafaa nini?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Shirika moja limenialika nikajitolee wiki mbili nchi nyingine, niwafundishe wauguzi na matabibu wa vituo vya afya. Slaidi nimeshaandaa. Mwenzangu kazini ananicheka, anasema huo ni utalii tu. Niende?

JIBU: Marahaba, daktari mwenzangu. Nenda, ila kabla hujakata tiketi waulize wenyeji wako: ukishaondoka, nani atakuwa anakaa na hao wauguzi kupitia mgonjwa mmoja mmoja? Wakikujibu "tutaona", basi mwenzako ana hoja.

Dalili za sonona au saikosisi (mtu kusikia au kuamini yasiyokuwepo) muuguzi atazishika kwa siku chache. Kazi inakuja wiki ya tatu, pale mgonjwa aliyemwanzishia haloperidol, dawa ya saikosisi, anaporudishwa shingo imekakamaa na macho yamepinduka juu, ndugu wanapiga kelele kwamba dawa ndiyo imemharibu, na muuguzi hana wa kumpigia simu. Wengi huacha kuandika dawa hizo kuanzia siku hiyo. Kwa hiyo ahidi simu ya saa moja kila baada ya wiki mbili, mwaka mzima. Mimi naithamini hiyo kuliko safari yenyewe.

Slaidi punguza. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa mhGAP, wa kupanua huduma za afya ya akili, mwaka 2008, na mwongozo wake wa tiba, uliotoka 2010 na kuboreshwa 2016, umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa kama hao. Kifafa kimo humo, kwa hiyo kakisome upya. Wengi wetu tulishawaachia madaktari wa mishipa ya fahamu.

Omba pia orodha ya dawa zilizopo rafuni leo, siyo zilizoandikwa kwenye sera. Ukifundisha dawa ya saikosisi kama olanzapine mahali ambapo za aina hiyo zilizopo ni chlorpromazine na sindano za fluphenazine tu, umefundisha hewa. Na kama dawa ya sonona iliyopo ni amitriptyline, sema waziwazi kwamba vidonge vya mwezi mzima mkononi mwa mtu anayetaka kufa vinaweza kumuua. Apewe vya siku chache, na ndugu avitunze.

Muda mwingi utumie kwenye maigizo. Wapange wawili wawili, mmoja awe mgonjwa, halafu wewe sikiliza tu. Wakifika pa kuulizia kujiua utaona sauti inashuka, macho yanahamia kwenye daftari, na swali linatoka limejikunja: "Huna mawazo mabaya, sivyo?" Mgonjwa wa maigizo anajibu "sina", wote wawili wanashusha pumzi. Wasimamishe hapo hapo. Warudie mpaka mtu amtazame mwenzake usoni aulize, "Umefikiria kujiua?", kisha anyamaze asubiri jibu. Wengi wanaogopa kwamba kuuliza ni kumpandikizia mtu wazo. Tafiti haziungi mkono hofu hiyo. Zoezi hilo likimaliza asubuhi nzima, acha liimalize.

Kuhusu leseni: ubingwa wa kwenu haukupi ruhusa ya kutibu kwao, kwa hiyo andikia baraza la madaktari la nchi hiyo mapema. Hata ukiruhusiwa, kiti cha kuonea wagonjwa mwachie muuguzi, wewe keti nyuma yake. Foleni itakuwa ndefu na mikono itakuwasha, najua. Lakini ukianza kuwaona mwenyewe, kesho yake watamruka muuguzi wamuulizie daktari mgeni, na wewe ndege yako ni Ijumaa.

Bima na mkataba soma kabla ya kusaini. Simu ya picha ibaki mfukoni ukiwa wodini: aliyechanganyikiwa hawezi kukupa ridhaa, hata kama anaitabasamia kamera.