Kabla hujachora grafu za masuperhiro, angalia kwanza seli tupu

Nianze kwa kukiri, grafu yangu ya kwanza ya masuperhiro ilionyesha kuna watu wana uzito chini ya sifuri 😂 na mimi nikaitupia kwenye grupu la WhatsApp nikijiamini kabisa.

Ilikuwa hivi, nilishusha lile faili la wahusika 734 wa katuni lililoko Kaggle, ile tovuti ya kugawana data, maana nilitaka kujua kama kweli wabaya huwa wanapewa vipara na macho mekundu kama tunavyowakumbuka, akina Lex Luthor na Darkseid. Kumbe humo urefu au uzito usiojulikana umeandikwa -99, na wahusika wa hivyo wanapita 200! Rangi ya macho nayo, watu 172 wamewekewa kidashi tu. Kwa hiyo jamani, toa hizo takataka kwanza, grafu baadaye.

Halafu usihesabu vichwa, tafuta asilimia. Wanaume wako 505 na wanawake 200, ukichora idadi tupu karibu kila rangi ya nywele itaonekana ya kiume na utashangilia ugunduzi hewa. Macho mekundu kweli yanaegemea kwa wabaya, hapo hata sikushangaa.

Iliyoninyima usingizi ni grafu ya nukta, urefu chini, uzito pembeni, wanaume rangi moja wanawake nyingine. Wanaume wametawanyika, kadiri wanavyorefuka ndivyo wanavyojaa, sawa. Wanawake sasa! Wengi wamelala mstari mmoja kama kamba ya kuanikia nguo, awe mfupi awe mrefu kilo ni zile zile hamsini na kitu. Nikafuata nukta moja nikamkuta Storm wa X-Men, sentimita 180, kilo 57. Piga BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, unapata kama 17.6, na WHO wanasema chini ya 18.5 huyo ana uzito pungufu, na huyu dada ndo anaita vimbunga, sasa kimbunga chenyewe si kingembeba yeye kwanza? She-Hulk yeye yuko juu huko na kilo zake 315, yaani mwanamke ili aruhusiwe kuwa na mwili inabidi kwanza awe kijani.

Sasa kuna kitu hakuna grafu itakuonyesha usipochungulia safu yenyewe. Rangi ya ngozi. Kati ya wale 734, wahusika 662 wamewekewa kidashi, na waliojaziwa ni akina Hulk wa kijani na Mystique wa bluu. Nikasema labda kwenye safu ya "Race", yaani asili ya mhusika, nitapata watu weusi, wapi, kule Black Panther ni "Human" sawa sawa na Batman, na Storm ni "Mutant" basi. Ngozi ya kawaida hakuna aliyeona haja ya kuiandika, kwa hiyo swali nililolitaka kuliko yote faili haliwezi kulijibu hata uwe fundi wa Python, ile lugha ya kuandikia programu, kiasi gani.

Ushauri wangu hapo, ongeza safu yako mwenyewe. Kazi ni ya mkono, unafungua picha moja moja, unaamua, unaandika na kwa nini umeamua hivyo, maana kuna wengine wamevaa kinyago mwili mzima utabishana na nafsi yako. Mimi nilianzia herufi A, wiki ya tatu hii niko D. Storm bado yuko mbali sana.