Oveni ya babako, na bima uliyoniuliza

Malindi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza jambo moja: ukishaacha kazi ya hoteli mwisho wa mwezi huu, ubaki na SHA, bima ya afya ya serikali, peke yake, au uongeze na ile bima ya kampuni aliyokuletea ajenti, 38,000 kwa mwaka, wewe na mtoto, ya kulazwa tu. Ukasema hesabu haikubali zote mbili. Jibu lilikuwa mdomoni kabla hujamaliza kusema. Nikashika simu nikupigie, babako akanizuia: "Mwandikie. Ukimpigia mtagombana." Basi nakuandikia.

Lakini kabla ya kuniuliza ipi, mimi nakuuliza lini. Hoteli watakukata pesa za SHA mara ya mwisho tarehe ngapi, na wewe utalipa kwa mkono wako tarehe ngapi? Baina ya tarehe hizo mbili pana shimo, na mimi shimo hilo nalijua kina chake.

Mwaka 2014 ulikuwa kidato cha nne. Mengine uliyaona, mengine tulikuficha kwa ajili ya mtihani. Mwezi wa Mei Uingereza iliwaonya watu wake wasije Mombasa, watalii wakarudishwa kwao kwa ndege kabla ya siku zao kwisha. Juni likaja lile shambulio la Mpeketoni, kule Lamu. Malindi ikazima kama taa. Babako alikuwa ametimiza miaka kumi na minne jikoni kwa watu, akaitwa na wenzake asubuhi moja, wakapewa haki zao kwenye bahasha. Hakuja nyumbani analia. Alikuja na oveni.

Unaikumbuka wewe kama kitu kilichofunikwa turubai barazani mkikikalia. Mimi naikumbuka siku ilipoteremshwa kwenye mkokoteni, vijana wanne, na babako akiizunguka kama bwana harusi. Ya gesi, ngazi tatu, alinunua kwenye hoteli iliyokuwa ikiuza vyombo vyake. Alishaandika bei kwenye kipande cha katoni: boflo, skonzi, keki ya maziwa. Alikuwa anangoja tu apate chumba kule karibu na soko.

Sasa sikiliza. Alipokuwa na kazi, NHIF, bima ya serikali iliyokuwapo kabla ya SHA, alikatwa hukohuko, hata hatukuijua siku wala tarehe. Kazi ilipokwisha, ilitakiwa mtu aende ofisini aandikishwe upya kama mlipaji wa hiari. Unajua ilikuwa kiasi gani wakati ule kwa mtu asiye na mwajiri? Shilingi 160 kwa mwezi. Ile 500 ilikuja mwaka uliofuata. Nilikwenda. Nikaambiwa nilete barua ya mwajiri kwamba kweli ameacha kazi, na nakala ya kitambulisho. Meneja wa kuiandika alikuwa ameshaenda zake Nairobi. Nikasema nitarudi Jumatatu.

Zile 160 nilikuwa nazo mkononi. Nikapita sokoni nikanunua samaki, changu wawili, tukala na wali wa nazi, na wewe ulisifu ule mchuzi. Ladha yake naijua mpaka leo. Jumatatu nilikuwa na nguo za watu za kushona. Jumatatu nyingine ilikuwa Ramadhani. Halafu Idi. Sikurudi.

Septemba babako akashikwa na tumbo. Siku tatu anakunywa chai ya tangawizi na kusema ni gesi. Usiku wa tatu aligeuka rangi. Ami yako akaja na teksi, tukampeleka Mombasa kwenye hospitali ya watu binafsi, kwa sababu ndiyo dereva aliyoijua na hakuna aliyekuwa na akili ya kuchagua. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Walimpasua saa tisa usiku, na kwa hilo namshukuru daktari yule kila nikiswali. Siku ya kumi na moja akaandikiwa kutoka. Siku ya kumi na saba ndipo alipotoka. Hizo sita zilizo katikati alikuwa mzima, amevaa kanzu yake, amekaa kitandani, na askari mlangoni. Bili ilikuwa 214,000, na kila siku aliyozuiwa walimwongezea kitanda. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliamua kwamba kumzuia mgonjwa kwa ajili ya bili ni kuvunja Katiba. Mwaka uliofuata.

Msikiti ulichanga, ami yako alichanga, khalati yako aliuza mbuzi. Pengo lililobaki lilijazwa na oveni.

Na aliyeinunua, Mungu amzidishie, hakufanya kosa lolote, alifungua duka la mikate mitaa miwili kutoka kwetu. Asubuhi harufu ilikuwa inaingia dirishani. Siku moja nduguyo akaleta boflo kutoka huko bila kujua. Babako alikata kipande, akakitafuna polepole, akasema: "Moto wa chini uko juu kidogo. Angepunguza." Akamaliza chai yake akaondoka. Mimi sipiti mtaa ule mpaka leo. Nazunguka nyuma ya shule, hata jua likiwa kali.

Najua utasema nini. Utasema, mama, hata ungelipa zile 160, NHIF ya wakati ule isingelipa 214,000 kwenye hospitali ile. Kweli. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Ingelipa ya kitanda, na hata hiyo si yote. Pengine oveni ingekwenda vilevile. Halafu najijibu: sivyo. Pungufu kidogo ingetosha, kwa sababu michango ilikuwa imekaribia kufika. Na tungekuwa na kadi hai, dereva angeulizwa, "Wapi wanapokea kadi?" na tungepelekwa kwingine kabisa. Kadi hailipi tu, hata njia inakuonyesha. Nimelizungusha jambo hili miaka yote hiyo, na kila mara linaishia kwa wale samaki.

Ndiyo maana nakwambia neno langu lile unalolijua: cha mwezi hakiumi, kinachouma ni cha siku moja.

Haya, twende kwenye lako.

Mshahara wako ni 32,000. SHA wanakata asilimia 2.75, kwa hiyo zimekuwa zikienda 880 kila mwezi bila wewe kuhisi. Ukitoka, huhesabiwi tena kwa mshahara. Utaulizwa maswali ya nyumba: paa la nini, ukuta wa nini, maji unapata wapi, unapikia nini, choo cha aina gani. Yanatoa kiasi chako. Cha chini kabisa kisheria ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mimi nilipangiwa 515. Jibu ukweli, na mtoto mwandikishe kwa cheti chake cha kuzaliwa, maana malipo ni ya nyumba nzima. Piga *147# hata leo jioni uone jina lake limo au halimo.

Na hapa, mwanangu, neno langu linanikwama kooni. Asiye na mwajiri hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Cha mwezi kimegeuzwa kuwa cha siku moja! Kwa mtu wa pwani anayekula kwa msimu wa wageni, Desemba ana pesa, Mei anakopa chumvi, hilo ni zito. Serikali imeleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa ya mwaka ukalipa kidogokidogo, na wapo walioingia. Mimi deni silipendi. Sisi kwenye chama chetu tumefanya hivi: tuko kumi na wanane, kila wiki kila mmoja 120. Hiyo ni 2,160 kwa wiki, na kila baada ya wiki tatu hivi tunammalizia mtu mmoja mwaka wake wote. Tulianza na wenye sukari na presha. Kwa mwaka kila mtu ametoa 6,240, na yangu ni 6,180, shilingi 60 narudishiwa. Aliyepangiwa 3,600 anachukua baki yake anunue nguo za Idi. Siku jina langu lilipofika nilipiga kigelegele peke yangu pale barazani, babako akadhani kuna harusi. Huko uliko hakuna wanawake kumi na wanane?

Hiyo bima ya kampuni siipingi. Tusidanganyane, SHA ina mwisho wake. Hospitali ya kiwango cha 4 inalipwa 3,360 kwa siku ya kulazwa, na ukiingia hospitali binafsi ya ghali, ziada ni juu yako. Zahanati na kituo cha afya ni bure kwa mfuko wa huduma za msingi, dawa zikiwapo. Nani asiyetaka mwanawe alazwe chumba chenye watu wawili badala ya kumi? Nami nataka. Lakini karatasi ya ajenti nimeisoma na miwani, pamoja na yale maandishi madogo. Siku 30 za mwanzo ugonjwa hawaugusi, ajali tu. Uzazi ni baada ya mwaka. Sikuulizi lolote, nasema tu ilivyoandikwa, na SHA yenyewe inalipia kuzaa kwa kawaida 10,000 na kwa upasuaji 30,000. Maradhi aliyokuja nayo mtu ni baada ya mwaka, na hapo ndipo nilipoweka miwani chini.

Ati ajenti amekwambia usiandike pumu ya mtoto, "ili fomu ipite haraka."

Iandike! Iandike kwa herufi kubwa. Fomu ile unaitia sahihi wewe, si yeye. Siku mtoto amebanwa kifua saa nane usiku, hospitali inaomba idhini, kampuni inafungua faili, na daktari ameshaandika kwamba mtoto ana pumu tangu ana miaka miwili. Wanakataa, na sheria iko upande wao kwa sababu ulificha. Ajenti wakati huo amelala, na fungu lake alishalipwa. Ukiandika, watakuongezea bei au watakuwekea mwaka wa kusubiri, lakini utakuwa unajua umenunua nini. Muulize pia leseni yake, ajenti halali ana leseni ya mamlaka ya bima na haoni haya kuionyesha.

Kwa hiyo nimejibishana mwenyewe tangu alasiri. Unanunua bima kwa kumwogopea mtoto, na mwaka wa kwanza wanalipia kila kitu ila kile unachokiogopa. SHA haiulizi alikuwa anaumwa nini. Hapo mizani inalala upande mmoja. Lakini mwaka wa pili je? Na wewe mwenyewe, ukivunjika mguu kwenye bodaboda? Unaingia ukiwa na miaka ishirini na minane bei ikiwa ndogo, ukingoja arubaini ni nyingine. Mizani inarudi. Babako anasema nimeandika karatasi nne na sijafika popote.

Jambo moja tu hukutaja. Ile orodha ya hospitali zao, nimehesabu: nyingi ziko Mombasa. Wewe uko Watamu. Kutoka huko mpaka Mombasa usiku, na mtoto asiyepumua, upite Kilifi, upite Mtwapa na msongamano wake, ni safari mimi nimeshaifanya. Tafuta iliyo karibu nawe kwenye orodha ile, nenda mchana, ingia mapokezi uulize: kadi hii mnaipokea, na usiku pia? Uliza vilevile kuhusu SHA. Jibu la mwanamke wa mapokezi litakufaa kuliko langu.

Ipi uchukue, sitasema. Niliapa nilipoanza kuandika, na ulimi unaniwasha. Ningekuwa mimi ningelipa kwanza ile ya... basi, naacha. Una akili zako, na pesa ni zako. Cha mwezi hakiumi, hilo tu.

Lakini barua ya hoteli ya kuacha kazi usiondoke bila hiyo. Usikubali "tutakutumia." Kaa pale ofisini mpaka iandikwe, ipigwe muhuri, uitie kwenye mkoba. Kisha unipigie picha. Na ukilipa, nitumie ujumbe wa malipo, hata iwe usiku.

Babako ameshajua nimekuandikia habari za oveni. Hakusema kitu. Amesema tu nikuulize inhela ya mtoto imebaki kiasi gani, na kama haitoshi mpaka mwisho wa mwezi, kesho anakuja Watamu kwa matatu ya saa moja.

Mamako