Maswali na majibu: Nani kasema Wachina wameridhika?

Barua za mwezi huu zimejaa China. Nadhani zimetokana na yale mabishano ya vijiweni: serikali yao imebana, nchi imesonga mbele, watu wametulia, basi uhuru wa nini? Nimechagua chache. Zilizobaki zinauliza mambo yaleyale kwa maneno mengine.

Shikamoo mwalimu. Ni kweli kila Mchina ana alama za tabia, ukivuka barabara vibaya zinapungua mpaka unanyimwa tiketi ya treni? (J., Dodoma)

Marahaba. Si kweli, na hii ni mara ya nne najibu swali hili katika safu hii. Hakuna namba moja inayomfuata kila Mchina. Kuna mpango wa serikali kuu wa mwaka 2014 wa kuunganisha kumbukumbu za idara mbalimbali. Kuna miji michache iliyojaribu kugawa alama; Rongcheng, jimbo la Shandong, ilimwanzishia kila mkazi na alama 1,000. Na kuna orodha ya wadaiwa sugu ya Mahakama ya Juu, iliyoanza 2013: aliyeamriwa kulipa akakaidi, jina lake linaingia humo na hakati tena tiketi ya ndege wala ya treni ya mwendo kasi. Basi. Wanaoeneza habari ya alama wanatufanya tuitafute hatari kwenye kompyuta, wakati mara nyingi kubanwa huko huanza na simu kutoka kituo cha polisi: njoo tuzungumze.

Mimi mfanyabiashara, Guangzhou nimekwenda mara kumi na moja. Usiku wa manane unatembea na pesa mfukoni, hakuna anayekugusa. Wachina wenyewe hawana shida na serikali yao, utii ni utamaduni wao tangu enzi. Kwa nini mnawasemea? (Kariakoo)

Usalama wa njiani sikubishii. Nimeishi Guangzhou miaka minne, nimerudi nyumbani saa nane za usiku peke yangu, na sikuwahi kugeuka kuangalia nyuma.

Lakini hilo la "hawana shida" umelitoa wapi? Umekutana na muuza vitambaa. Wewe huna Kichina, yeye hana Kiswahili, mnapokezana kikokotoo juu ya meza mpaka bei ikubalike. Siasa ilipita saa ngapi hapo? Na hata lugha ungekuwa nayo, mtu asiyekujua hakufungulii moyo kwa jambo linaloweza kumponza. Kuridhika tunakujua pale ambapo mtu angeweza kukataa na asikatae. Pasipo na nafasi ya kukataa, ukimya ni ukimya tu.

Na huo "utamaduni wa utii" unanichosha kuliko yote. Wachina wamebishana juu ya uhuru wa mtu na mamlaka ya dola kwa zaidi ya miaka mia moja, tena kwa ukali. Mwaka 1903 Yan Fu alitafsiri kitabu cha Mwingereza John Stuart Mill kuhusu uhuru, akakipa jina jipya: mpaka kati ya haki za kundi na haki za mtu mwenyewe. Jina hilo peke yake ni mjadala mzima. Mwaka 1924 Sun Yat-sen, mwasisi wa jamhuri yao, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba Wachina hawana uhaba wa uhuru, wanao mwingi mno; wametawanyika kama mchanga mkavu, kwa hiyo uhuru wa taifa utangulie, wa mtu usubiri. Hoja hiyo msomi Hu Shi aliikataa mwaka 1930: anayepigania uhuru wake ndiye anayeipigania nchi, kwa sababu taifa huru halijengwi na kundi la watumwa. Wote hao ni Wachina. Yupi kati yao ndiye utamaduni? Katiba yao ya 1982, kifungu cha 35, inataja uhuru wa kusema, wa kuchapisha, wa kukusanyika na wa kuandamana. Mwandishi Liu Xiaobo alipodai haki za namna hiyo ziheshimiwe kwa vitendo, alihukumiwa miaka 11 mwishoni mwa 2009. Nobel ya Amani ya 2010 iliwekwa juu ya kiti kitupu. Alikufa Julai 2017 kabla ya kumaliza kifungo.

Sasa turudi kwenye usalama wako. Wakati wa korona kila mtu alikuwa na msimbo wa afya kwenye simu: wa kijani unapita, mwekundu unazuiwa. Aprili 2022 benki kadhaa za vijijini katika jimbo la Henan ziliacha kuwapa watu akiba zao. Juni, wenye akiba walipofunga safari kwenda Zhengzhou, makao makuu ya jimbo, kudai pesa zao, misimbo yao iligeuka myekundu. Hawakuwa wagonjwa. Maofisa ndio walioibadilisha rangi, na kwa hesabu ya mamlaka za mji huo wenyewe, waliofanyiwa hivyo walikuwa watu 1,317. Jiweke mahali pao: unashuka stesheni, unaskani, mlinzi anakuonyesha usimame pembeni, na kosa lako ni kutaka hela yako. Maofisa watano waliadhibiwa baadaye, na kilichowafikisha hapo ni kelele za Wachina haohao unaosema hawana shida.

Na Aprili 2020, palepale Guangzhou, kwa hofu ya korona Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizolipia kodi, wengine wakalala nje, mpaka mabalozi wa nchi za Afrika wakaandika barua ya kulalamika. Mji uleule unaouona salama, kamera zilezile za njiani. Waulize wenzako waliokuwepo.

Hukou ndiyo nini hasa? Babu yangu alivalishwa kipande shingoni na Waingereza. Ni kitu kimoja? (Nakuru)

Kazi yake inakaribiana, sura tofauti. Kipande, kile kitambulisho cha ukoloni, kilimfunga Mwafrika kwa mwajiri mzungu. Hukou ni daftari la kaya, kwa sheria ya Januari 1958, linalosema familia yako ni ya wapi na kama ni ya shamba au ya mjini. Tumbo ndilo lililotiwa pingu: mjini chakula kilinunuliwa kwa kuponi, na kuponi alipewa mwenye daftari la mjini. Kuponi zilikwisha miaka ya 1990, daftari likabaki. Katiba yao ya 1954 ilikuwa na uhuru wa kuhama. Ile ya 1975 ikauondoa, na haujarudishwa. Karibu watu milioni 300 wametoka vijijini kutafuta kazi, wengi wakiwa mbali na kwao. Mtoto wao akifikia mtihani wa kuingia chuo kikuu, mara nyingi anarudishwa kwa bibi kijijini akaufanyie huko.

Sisi wageni nasi tunaandikishwa, ndani ya saa 24. Siku yangu ya kwanza Guangzhou mwenye nyumba alinipeleka kituo cha polisi na pasipoti na mkataba wa pango. Askari akachapa karatasi ndogo, akaigonga muhuri mwekundu. Nimehama mara tatu, karatasi tatu. Mimi nilijua nitaondoka. Mama aliyekuwa akiuza tambi chini ya ghorofa letu, mzaliwa wa Sichuan, alikuwa na miaka kumi na tisa katika mji ule na bado daftari lake lilisema si wa pale.

Machi 2003, katika mji huohuo, kijana wa miaka 27 aitwaye Sun Zhigang, mbunifu wa michoro kutoka Hubei, alitoka usiku bila kibali cha ukaaji wa muda. Polisi wakamkamata. Siku tatu baadaye alikuwa amekufa kwa kipigo akiwa kizuizini. Gazeti la hapo likaandika, wanasheria vijana watatu wakaliandikia Bunge, na kufikia Agosti utaratibu wa kuwakamata wahamiaji na kuwarudisha makwao ulikuwa umefutwa. Mtu akikwambia kule watu hawana sauti, mtajie mwaka huo. Kisha mmalizie habari: mmoja wa wale watatu, Xu Zhiyong, alihukumiwa miaka 14 Aprili 2023.

Sheria ya mtoto mmoja bado ipo?

Haipo. Wakaruhusiwa wawili kuanzia Januari 2016, watatu tangu 2021. Serikali iliyotoza faini kwa mtoto wa pili sasa inabembeleza azaliwe. Mei 2022, Shanghai, watu wa serikali waliovaa nguo nyeupe za kujikinga walimwambia kijana aliyegoma kupelekwa karantini kwamba adhabu yake itaandama vizazi vitatu vya familia yake. Akawajibu: sisi ni kizazi cha mwisho, asante. Video ikafutwa, maneno yakabaki midomoni mwa watu. Wanaoshangaa kwa nini vijana hawazai waanzie kwenye jibu hilo.

Mbona hata Tanzania tuna balozi wa nyumba kumi? Tofauti iko wapi? (Morogoro)

Asante kwa kuuliza. Wenzetu kupanga kaya kumi kumi ni jambo la kale, baojia, tangu karne ya 11. Siku hizi mtaa umekatwa vipande, wao wanasema gridi, na kila kipande kina mtu wa kujua nani kahamia, nani mgonjwa, nani ana lalamiko. Tofauti kubwa ni vifaa, kamera zikiwemo, na vifaa vinauzwa kwa yeyote mwenye pesa. Kabla mji wako haujafunga kamera, uliza picha zinakaa wapi, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuzitazama. Usiulize baada ya kamera kufungwa.

Naondoka Septemba kwenda kusoma China. VPN ipi nzuri?

Sitaji. Programu hizo za kuruka vizuizi vya mtandao, zisizo na kibali ni kosa kule, na chuo chako kitakwambia. Ila nakusihi: usirushe mtandaoni sura ya rafiki yako Mchina akizungumza siasa. Wewe utapandishwa ndege, yeye atabaki.

Wale walioandamana na karatasi tupu mwaka 2022, ule si woga? Mtu mwenye neno si aliandike? (Mombasa)

Woga? Kaa uone walivyofika hapo. Masika ya mwaka huo watu milioni 25 wa Shanghai walifungiwa majumbani kwa ajili ya korona, wengi kwa takriban miezi miwili. Video iliyosambaa ilionyesha droni ikipita usiku juu ya maghorofa ikitangaza: dhibitini tamaa ya roho zenu ya kutaka uhuru, msifungue madirisha kuimba. Oktoba 13 mtu mmoja, Peng Lifa, akatundika vitambaa kwenye daraja la Sitong, Beijing, akidai chakula badala ya vipimo na uhuru badala ya kufungiwa. Alichukuliwa palepale. Novemba 24 ghorofa likaungua Urumqi, watu 10 wakafa, katika mji uliokuwa chini ya vizuizi kwa zaidi ya siku mia moja, na nchi nzima ikajiuliza kama vizuizi hivyo ndivyo vilivyowakosesha njia ya kutoka. Siku mbili baadaye vijana wa Shanghai wakakusanyika na mishumaa kwenye barabara yenye jina la mji huo, mikononi karatasi za A4. Kila aliyeiona alijua kilichopaswa kuandikwa pale, polisi wakiwemo. Desemba 7 serikali ikalegeza masharti kwa nchi nzima, na baadhi ya walioshika karatasi wakaanza kufuatwa majumbani.

Ndugu yangu wa Mombasa, neno "woga" lifikirie tena.

Kuna raia wa kawaida aliyewahi kushinda? (Bujumbura)

Wapo. Guo Bing, mwalimu wa sheria Hangzhou, alishtaki hifadhi ya wanyama mwaka 2019 ilipomtaka asajiliwe sura ndipo aingie. Novemba 2020 mahakama ikaamuru picha za sura yake zifutwe na alipwe yuan 1,038. Septemba 2023 ilitoka rasimu ya sheria ya kuadhibu mavazi "yanayoumiza hisia za taifa la China". Wanasheria wakauliza hisia hizo zinapimwa na nani, askari wa zamu? Takriban watu laki moja wakapeleka maoni, na maneno hayo yakaondolewa.

Utaona ushindi unapatikana jambo likiwa la kampuni, au likiwa bado rasimu. Likishaitwa usalama wa dola, hakuna pa kubisha hodi. Lao Dongyan, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, ni mmoja wa waliopinga ile rasimu ya mavazi. Mwaka 2024 alipopinga kitambulisho kimoja cha kuingilia mtandaoni, andiko lake lilifutwa. Kitambulisho hicho kimeanza Julai 2025, na serikali inasema ni hiari. Mimi neno hiari siliamini mpaka nimwone aliyekataa akihudumiwa sawa na aliyekubali.

Binti yangu anasoma Wuhan. Anasema wenzake wa Kichina ukitaja siasa wanabadilisha mada. Hawajali? (Mama wa Iringa)

Wanajali, mama. Wuhan ndio mji wa Li Wenliang, daktari wa macho. Desemba 30, 2019 aliwatahadharisha madaktari wenzake aliosoma nao, kwenye kundi la WeChat, programu yao ya kutumiana ujumbe, juu ya ugonjwa mpya. Januari 3 polisi wakampa barua ya onyo. Chini yake palikuwa na mambo mawili ya kujibu: unaweza kutii? Akaandika "naweza". Umeelewa? Akaandika "nimeelewa". Juu ya kila jibu akabonyeza kidole chenye wino mwekundu. Februari 7 korona ilimuua, miaka 33. Usiku ule Wachina wakaandika mitandaoni "siwezi, sielewi". Yakafutwa. Wakaandika tena. Machi polisi wakaibatilisha barua na kuiomba radhi familia.

Andiko lake la mwisho kwenye Weibo, mtandao wa kijamii wa kule, halikufutwa, na watu wameendelea kumwandikia chini yake, maoni zaidi ya milioni. Daktari, nimefaulu mtihani. Daktari, leo nimeachwa na mchumba. Daktari, usiku mwema. Siasa haitajwi. Binti yako akishajua Kichina cha kutosha, ausome ukurasa huo polepole, na asimlazimishe mwenzake kusema lolote.